Hedi Moja, Mafundi Watatu

Tega sikio, na wewe mwenye degree ya kubishana, ngoja nimalize kwanza.

Kando ya Eldoret walikuwepo mafundi watatu wasioaminiana hata kwa salamu. Mutheu alikuwa msubu: huyeyusha pistoni kuukuu na kumimina alumini kwenye kalibu ya mchanga. Odanga alikuwa mkerezaji: mpe bonge la alumini, mashine yake italichonga mpaka litii. Nafula alikuwa na kipaji cha kushuku. Usicheke. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa, na hakuamini kitu eti kwa sababu kinang'aa.

Jirani yao, Kiprugut, alikuwa akijiundia ndege bandani. Hedi ya injini, kile kifuniko cha silinda penye valvu na plagi, ikapasuka.

"Atakayenipa hedi ya kuruka na kurudi, nampa kazi. Permanent," akatangaza. "Nafasi ni moja."

Nafasi moja! Mmeshaona nafasi moja isiyo na mpwa wa bosi nyuma yake? Lakini njaa haina maswali. Wakajitosa.

"Hedi ya kumimina ina mapovu ndani kama mandazi," Odanga akamcheka Mutheu. "Mimi nachonga kutoka bonge zima."

"Chonga, baba. Nusu yake utaifagia sakafuni."

Odanga akawa wa kwanza kuileta yake, imefunikwa gunia. Nafula, of course, akaigeuza chini juu. Pembeni palikuwa na kichunusi cha alumini. Mutheu akaruka: hiyo ndiyo alama yake, yeye hubonyeza kidole gumba kwenye mchanga kabla ya kumimina, na alumini ikipoa hutoka na chunusi hiyo.

"Wewe mwizi! Hilo bonge ni langu!"

"Nimeuziwa na watu wa skrepa, mama. Ningejuaje?"

Nafula akawaacha wakorofishane. Akapaka vumbi la chaki nje ya hedi, akamimina mafuta ya taa ndani, akangoja. Karibu na tundu la plagi, chaki ikalowa. Ufa.

"Umechonga nyembamba mno!" akafoka Mutheu.

"Ulimimina mapovu!" akajibu Odanga.

"Ni katone tu," Kiprugut akasema. "Naruka hivyo hivyo."

Nafula akaketi juu ya hedi. "Basi ruka na mimi, mzee, ila mke wako aje aage kwanza."

Hapo Kiprugut akanywea.

Ikabidi washirikiane, kila mmoja akimkodolea mwenzake macho. Mutheu akamimina hedi mpya, nene palipopasuka. Odanga akasawazisha uso wa hedi na kuchonga mahali pa kukalia valvu, maana hedi ghafi haizibi pumzi. Nafula akapima, chaki ikabaki kavu. Ndege ikaruka, ikazunguka shamba la mahindi, ikarudi nzima.

Kiprugut akashuka na ovaroli ya kazi mkononi. Moja. "Nani alitengeneza hedi?"

"Bila mimi ungekuwa na mchanga mtupu," akasema Mutheu.

"Bila mimi ungekuwa na sufuria," akasema Odanga.

"Bila mimi ungekuwa na matanga," akasema Nafula.

Kiprugut akawatazama mmoja mmoja. Watatu wote wamenyoosha mikono, na hakuna hata mmoja mwenye kazi nyingine ya kurudia. Haya, wewe unayejua kila kitu: hiyo ovaroli ungemvalisha nani, na hao wawili ungewaambia nini machoni?