Mpira wa Filta ya Zamani

Papasa kwanza, ndipo ufunge.

Leo mmemsikia baba akimwambia hivyo jirani yetu Kaspari, aliyekuja kutuarifu kwamba anaoa tena. Mlipomuuliza baba maana yake alicheka tu akaenda zake. Basi kaeni, Vumilia na Meshaki, niwaeleze mimi dada yenu Edita, maana nilikuwapo. Methali hii ilizaliwa barabarani, chini ya gari letu. Lakini mwanzo wake mimi niliuona kwenye begi.

Begi lilikuwa la mama yenu, Petronila. Alipoolewa na baba alikuja nalo, akaliweka miguuni pa kitanda, likakaa hapo. Nikifagia, nililisogeza taratibu, nikafagia, nikalirudisha. Halikuwahi kuwa jepesi, kwa sababu nguo zake zote zilikuwa humo. Kabati lilikuwa limejaa nguo za marehemu mama yangu, Yustina.

Kwetu, siku ya kuanua matanga ndugu hukusanyika, na nguo za marehemu hugawiwa. Baba hakutaka. Mama mkubwa Leokadia, dada wa marehemu, alikuja kuuliza, akajibiwa, "Bado, shemeji." Akaja tena, bado. Baba hakuwa mtu mbaya. Aliliogopa lile kabati, basi. Nami nilikuwa msichana niliyeacha shule ili kumuuguza mama, sikuwa na mdomo wa kusema lolote mbele ya wakubwa.

Siku moja ikapangwa safari ya kwao Petronila, kusalimia wazee. Asubuhi baba alimwaga oili ya gari na kubadilisha filta mwenyewe. Hakumwamini fundi yeyote wa Mafinga.

"Fundi ataipangusa ya zamani vumbi, airudishe, aniambie ni mpya," alisema.

Filta ni kile kikopo kinachochuja uchafu wa oili. Mdomoni ina mpira wa mviringo unaozuia oili isivuje. Baba aliifungua ya zamani, akaitupa pembeni, akafunga mpya huku akiimba wimbo wa kwaya.

"Unalitengeneza gari au unaliombea?" Petronila alimtania.

"Vyote viwili."

Niliingia chumbani kufagia, nikaona begi limefungwa kamba. Mtu anayekwenda kusalimia habebi nguo zake zote. Nilisimama nimelishika. Kisha nikalipeleka garini, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa, nikanyamaza.

Tulikuwa katikati ya misitu ya misonobari Petronila alipouliza, "Baba Edita, hiyo taa nyekundu inataka nini?"

Baba akazima injini palepale. Tulipogeuka, nyuma yetu kulikuwa na mchirizi mweusi umetufuata njia nzima. Akalala chali, akajivuta chini ya gari, tukabaki tunaona miguu yake tu.

"Filta haina ubaya," sauti yake ikatoka huko. "Mpira wa ile ya zamani uliganda kwenye injini. Nimefunga mpya juu yake. Mpira juu ya mpira haushiki."

"Hukuuona?"

"Umekuwa mweusi kama injini yenyewe. Huo hauonekani kwa macho, ni wa kupapasa kwa kidole. Na mimi sikupapasa."

Petronila akachuchumaa karibu na ile miguu.

"Basi na mimi ulinifunga hivyohivyo, Baba Edita."

Miguu ikatulia.

"Sina ugomvi na dada yangu Yustina. Sikumjua, lakini nimepikia vyungu vyake, najua alikuwa mwanamke safi. Ila wewe umeniweka juu yake bila kupapasa, na mimi navuja. Begi lile sikupanga kurudi nalo."

Baba akatoka, uso umejaa oili.

"Niliona nikilifungua kabati nitakuwa nimemfukuza," alisema.

"Kumpumzisha mtu si kumfukuza. Mwangalie huyu," akanionyesha kwa kidevu. "Akifagia, hulisogeza begi langu kama lina mtoto mchanga ndani. Huyu amepapasa. Wewe bado."

Baba alirudi chini, akaubandua ule mpira kwa kucha, akapafuta mahali pake, akaupaka mpira mpya oili kidogo, akaifunga filta kwa mkono. Alimimina oili iliyobaki kwenye dumu, haikutosha. Tukakaa kando ya barabara mpaka lori la mbao lilipopita na dereva wake akatuongezea. Gari likawaka. Baba akachungulia chini, akachungulia tena. Pakavu.

Tulilala kwao Petronila. Wakati wa kurudi sikujua nilibebe begi au niliache. Yeye akaliangalia, akaniangalia.

"Lipakie, Edita. Tukaone kama baba yako amejifunza kupapasa."

Wiki ileile mama mkubwa Leokadia aliitwa, pamoja na ndugu wengine. Baba alilifungua kabati mwenyewe, akazitoa nguo mojamoja, akalia mbele za watu bila kujificha. Leokadia alichagua kitenge kimoja akamfunga Petronila kiunoni.

"Vaa, mdogo wangu. Yustina hakupenda nguo ilale bure."

Sweta la kijani la marehemu, Petronila alikataza lisigawiwe. Alisema ni langu, na litakaa kabatini pamoja na nguo zake yeye. Mpaka leo liko humo. Na begi ni lile mnaloliona kule bandani, kuku wa madoa akitagia ndani yake.

Msidhani cha kale ni kibaya. Mpira ule ulikuwa umefanya kazi yake vizuri, ndiyo maana uliganda. Unauondoa kwa mkono wa taratibu, kisha mpya unapata mahali pa kukaa. Ndicho baba alichokuwa akimwambia Kaspari: papasa kwanza, ndipo ufunge.

Mama yenu yuko jikoni, na mlango uko wazi. Ameacha kukoroga ugali ili asikie. Basi na asikie. Asubuhi ile, nilipolishika begi lililofungwa kamba, kuna neno lilinikaa kooni, na miaka yote hii sijalitoa. Nilitaka kusema: Mama, usiende.