Sufuria ya Maharage Iliyorudishwa

Ndugu zangu, kuna swali nimelibeba kwa miaka na bado linanishinda: mtu akisimama peke yake, tunamhesabuje kuwa ni wengi?

Palikuwa na kijiji cha wakulima, na pembeni yake familia chache za wafugaji. Wakulima walizoea kuwadharau wafugaji, wakisema wananuka zizi. Wazee wa baraza, wakulima wenyewe, wakaona aibu. Wakaweka desturi: atakayemdharau mwenzake kwa asili yake, aende nyumbani kwa huyo mtu, akae mkekani, ale chakula chake mbele ya majirani. Desturi ikafanya kazi. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye umenawishwa mikono na mke wake.

Siku moja kukawa na msiba kwa wafugaji. Marehemu alikuwa na rafiki wa upande wa wakulima, mama aliyemuuguza mpaka mwisho. Mama huyo akapika maharage, akajitwika sufuria, akaenda kumzika rafiki yake. Jikoni akapokewa na mdogo wa marehemu.

"Rudi nayo, mama. Ninyi watu wa jembe ni wachawi, wote. Nani ajuaye dada yangu alilishwa nini?"

Wanawake wengine wakainamia moto. Mama akarudi na sufuria yake, mazishi hakuyaona.

Kesho yake akaenda barazani, akaeleza yaliyompata. "Wazee wangu, naomba yule binti aje ale kwangu."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, kijiji chote hiki ni chetu. Neno la watu wachache vile litakufanya nini?"

"Kijiji chote hakikuwa jikoni, baba. Nilikuwa mimi."

"Basi hayo maharage tuletee sisi. Hatuogopi uchawi wako."

Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walijua wachache wameumia zaidi na kwa muda mrefu, na hapo hawakukosea. Walidhani kumsikiliza huyu ni kuwasahau wale. Mama naye akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka ili aweze kuondoka.

Sisi je? Mara ngapi mtu ametuletea jeraha lake, nasi tukatazama kwanza ukubwa wa ukoo wake? Ukubwa wa ukoo hauponyi kitu. Yule mama hakuomba wafugaji waadhibiwe. Aliomba mgeni wa kulisha. Tukimnyima haki mmoja kwa sababu watu wake ni wengi, tunadhani tumewalinda wachache. Sikilizeni kilichotokea.

Mavuno yalipofika, mkulima mmoja alimtukana mfugaji kisimani. Wazee wakamwambia aende akale kwake. Akakataa. "Yule mama mlimcheka. Desturi gani hii yenye mlango mmoja?" Watu wakamuunga mkono, hata waliokuwa wameshakula kwenye mikeka ya wafugaji. Wazee wakamtazama mwenyekiti.

Jioni hiyo baraza likaamua desturi ifutwe. Akatumwa mwenyekiti mwenyewe kupita nyumba kwa nyumba upande wa wafugaji, kuwaambia wasitandike tena mkeka, kwa kuwa hakuna atakayekuja.