Mwito Uliotundikwa Kihengeni

"Ukitundika mwito kihengeni, usimlaumu dumuzi." Mmeisikia harusini, watu wakacheka, nanyi sasa mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, na siku ilipoanza hakuna aliyecheka.

Palikuwa na kijiji cha Lwangu, huko nyanda za juu, ambako kila nyumba ilikuwa na kihenge chake cha fito na udongo. Kisha dumuzi akaingia nchini, kadudu keusi kanakotoboa hindi hadi libaki vumbi. Mwenyekiti Mgongolwa akatoa amri: mahindi yote yakae katika kihenge kimoja kikubwa cha kijiji, yalindwe kwa pamoja. Tulavona, mjane mwenye watoto wawili, Lutengano na mdogo wake, alipeleka yake yote. Hakuwa na ng'ombe, wala kaka wa kumkimbilia. Mahindi yale ndiyo yangemvusha hadi mavuno.

Bwana shamba akaleta mtego: kopo la plastiki lenye mdomo wa mtelezo na kipira kidogo ndani. Akaeleza kwa subira kwamba dume la dumuzi akipata hindi hakai kimya. Hutoa harufu ambayo pua ya binadamu haiipati, majike wakaja, na madume wengine wakafuata. Kipira kile kilitiwa harufu ya kuiga hiyo. Wazee wakaiita mwito. Akasisitiza kopo litundikwe porini, mbali na chakula, ili watu wajue tu kama dumuzi wamefika. Akapanda pikipiki yake, akaenda zake.

Mgongolwa alikuwa na yake moyoni. Wakubwa wa wilaya walikuwa njiani kuja kutazama, na mtego wa porini nani atauona? Akautundika ndani ya kihenge, juu ya mahindi ya watu, na Tulavona akapewa kazi ya kulimwaga kopo kila asubuhi.

Hapo ndipo Lwangu ilipopotea. Kila kopo lilipojaa, watu walishangilia. Tulavona alimwaga dumuzi uani, kuku wakadonoa, na majirani wakamtania kwamba mume hana lakini madume yanamjia kwa makundi. Akacheka nao. Jana kopo lilijaa, leo limefurika, basi si linafanya kazi? Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakampa Mgongolwa mkono.

Kumbe dumuzi wa bonde zima walikuwa wameitika. Wachache walitumbukia koponi. Waliobaki walitua kwenye mahindi, na kila dume aliyetoboa akaanza kuita na yeye.

Asubuhi moja Tulavona alisikia humo ndani mlio kama wa manyunyu juu ya majani makavu. Akatia mkono kwenye mahindi. Ukazama hadi begani, ukatoka mweupe. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, bila hata kujifuta.

"Mwenyekiti, litoe lile kopo. Linaita."

"Mama Lutengano, jana umemwaga kopo zima. Leo unaniambia halifanyi kazi?"

"Linafanya. Ndiyo maana naomba ulitoe."

Mgongolwa akamjibu kwamba wageni wengine walikuwa wanakuja, na kwamba mwanamke anayekaa kusikiliza mahindi anahitaji kuolewa. Waliokuwepo barazani wakaangua kicheko.

Angeweza kulichomoa mwenyewe. Aliogopa kuitwa mhujumu, na zamani zile neno hilo lilitembea na pingu. Akarudi nyumbani.

Mvua zilipoanza, kihenge kilikuwa kimejaa unga usiolika. Watu wakachimba mizizi. Wakati wa palizi Lutengano, mtoto mkubwa wa Tulavona, akafa kwa njaa. Wakubwa wakarudi, safari hii bila kamera, na Mgongolwa akasimama mkutanoni akawatangazia kwamba adui wa Lwangu ni dumuzi, na wananchi wawe na subira na janga la asili.

Tulavona akainuka na kitambaa cha msiba kichwani.

"Janga la asili halitundikwi kwa kamba," akasema. "Yule mdudu ameitwa kwa lugha yake, akaja. Ulitaka akatae? Mwanangu nimemzika mimi, na sina ugomvi na mdudu. Ukitundika mwito kihengeni, usimlaumu dumuzi."

Hakuna aliyemuunga mkono. Waliokuwa wakishangilia kopo walitazama chini, maana neno lilikuwa limewapata na wao. Mgongolwa akafunga mkutano, akaendelea kuwa mwenyekiti hadi uzeeni. Tulavona akajenga upya kihenge chake kidogo nyuma ya nyumba, akabaki na mtoto mmoja wa kukilinda.

Tangu hapo neno lake limetembea kuliko yeye. Kwa hiyo mkimwona mtu anawaita walafi kwenye chakula cha wengine ili apigwe picha, kisha anapanda jukwaani kulia njaa, msicheke kama wale wa harusini. Na ninyi mnaompigia makofi, jitazameni kwanza. Ukitundika mwito kihengeni, usimlaumu dumuzi.