Kata Moja ya Maji ya Mzazi

Zamani za kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa na meko na masufuria kama sisi, mke wa Pimbi alijifungua mapacha. Maziwa hayakutoka. Mkunga akasema, "Apewe uji mtamu siku saba, la sivyo watoto hawatapona."

Sukari yote ilikuwa kwa Kiboko, mwenye shamba la miwa. Desturi ilimlazimu ampe mzazi. Penye gunia la sukari, unaitia kwenye kata moja ya maji, unakoroga, mpaka maji yaikatae. Iliyoyeyuka hapo penye gunia ni ya mzazi.

Pimbi akaenda kwake kuomba. Kiboko akachota kata ya maji ya mtungini, baridi. Akatia kikombe cha kwanza mpaka cha tano. Cha sita kikalala chini. Koro koro koro, wapi.

"Yameshiba," akasema. "Vikombe vitano. Msalimie mzazi."

"Mzee, hayo ni maji yako," Pimbi akasema. "Ngoja nilete ya mzazi mwenyewe."

Pimbi akarudi na sufuria juu ya kigae cha makaa, kata moja ya maji ndani.

Kiboko akakunja uso. "Mbona yanatoa mvuke?"

"Mzazi anaguswa na maji baridi, mzee? Kwani mama yako hakukandwa kwa maji ya moto?"

Kiboko akachungulia chini ya sufuria. Halina tundu. Akanusa. "Fungua mdomo." Pimbi akafungua. "Geuka." Akageuka. Hata mkia wa kufichia kitu hana.

"Wewe una jambo," Kiboko akanung'unika, akatia. Cha sita kikayeyuka. Cha saba, cha nane. Akatoa macho. Cha kumi na mbili ndicho cha mwisho kuyeyuka.

Asubuhi, Kiboko huyo mlangoni kwa Pimbi. "Hodi. Nionyeshe sufuria."

Maji yalikuwa yamepoa. Chini kumejaa chembe za sukari, zinameta.

"Nilijua. Hii uliificha wapi?"

"Ndani ya maji, mbele ya macho yako. Maji ya moto yana tumbo kubwa, mzee. Yakipoa, yanatema yasichoweza kubeba."

"Basi maji yameikataa. Iliyokataliwa ni yangu."

"Maji hupimwa penye gunia," Pimbi akasema. "Gunia lako umekuja nalo?"

Kiboko akatazama mikono yake mitupu. Ndani, mapacha walikuwa wananyonya, nyu nyu nyu.

Akaondoka bila kuaga.

Hadithi inaishia hapo mlangoni, wanangu, na funzo lake ni hili: bahili hulinda gunia, akasahau moto.