Nipe Mji, Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mafiga kama sisi, kulikuwa na nchi iliyopenda mieleka kuliko kula. Kila Ijumaa alasiri uwanja ulifurika. Bwana wa uwanja alikuwa Kindi. Yeye hakupigana, angepigana na nini, kiumbe wa konzi moja? Kazi yake ilikuwa kupiga mbiu na kutunga visa. Jambo likitokea mtaani Jumatatu, Ijumaa limo uwanjani. Nzige walipovamia mashamba, Kindi alimvika Ngiri majani, akamwita Mla Mihogo, na Ngiri alipobwagwa chini nchi nzima ililia kwa furaha.

Tena palikuwa na desturi. Aliyeangushwa chali huambiwa na mshindi, "Nipe mji!" kama mnavyoambiana ninyi kwenye vitendawili. Ila uwanjani mji ulitoka kweli. Nyani aliwahi kutoa mkuyu wake, na siku hiyohiyo akabeba sufuria zake akahama.

Sasa, mwaka mmoja mvua iligoma. Ikabaki chemchemi moja tu. Kiboko, mgeni wa juzi kutoka mto uliokauka, akaja akajitumbukiza humo, chubwi!

"Hii ni yangu! Anayetaka maji anipige kwanza!"

Nani ampige Kiboko?

Bi Kanga alikuwa na vifaranga. Mdogo wao, Kidoa, alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, hata kulia hawezi. Ijumaa asubuhi mama yake akanyata hadi chemchemini na kibuyu, angalau aibe matone. Akasikia sauti nyuma ya matete, akachungulia. Salaale!

Kindi alikuwa ameketi juu ya mgongo wa Kiboko, anatafuna karanga, na wote wawili wanacheka.

"Bwana Kiboko, leo wewe ndiye Mnywa Chemchemi," alisema Kindi. "Utaingia na mtungi, unywe mbele yao, kisha umwage yatakayobaki."

"Watanizomea?"

"Mpaka sauti ziwakauke! Halafu nitaita mnyonge mmoja kutoka kwa watazamaji. Akikugusa tu, anguka chali."

"Ala! Mimi nianguke?"

"Anguko la kupanga, bwana! Ijumaa ijayo unalipiza kisasi. Mkubwa asiyeanguka huchosha watu. Na ukiombwa mji, toa chemchemi."

Kiboko akaacha kucheka. "Chemchemi yangu?"

"Kwani wewe hukucheza vitendawili utotoni? Watoto hugawa miji kila jioni. Umewahi kusikia mji umehama?"

Kiboko akafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. "Hapana, sijawahi," akasema, akacheka tena hadi maji yakaruka.

Bi Kanga akajificha kwenye matete. Kumbe mieleka hupangwa! Yeye aliyewalilia wapiganaji wale, yeye aliyewahi kurusha kandambili yake kwa uchungu! Na Kindi, jirani aliyekuja jana tu kuomba chumvi, anafanya kiu ya watoto wake kichekesho! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Hasira zilimpanda hata ile habari ya mji ikampita masikioni.

"Leo nitawaumbua," akasema. "Mbele ya wote."

Alasiri Kiboko akaingia uwanjani. Akanywa, gu-gu-gu-gu! Kisha akageuza mtungi, maji yote yakamwagika vumbini. Hapo ndipo mayowe yalipolipuka, na Bi Kanga akaruka juu ya benchi.

"Uongo! Wamepa..."

"Mpinzani huyooo!" Kindi akadakia. "Bi Kanga! Mpisheni!"

"Nani? Mimi? Hapana, mimi nasema..."

Nani amsikie? Walimsukuma huku wakimshangilia, na mara akajikuta mbele ya pua ya Kiboko. Chini ya miguu yake vumbi lilikuwa limelowa. Akalitazama lile tope, akamkumbuka Kidoa, na maneno yote yakamtoka kichwani. Akaruka akamdonoa pua. Ko!

Kiboko akakonyeza jicho. "Uwiii! Nakufa!"

PUU! Chali, miguu minne juu.

Bi Kanga akafungua mdomo autangaze uongo wao, lakini Kindi alikuwa keshafika sikioni mwake.

"Mama, usiseme hilo. Sema lile la mshindi."

Bi Kanga akamkodolea macho. La mshindi? Ndipo alipozikumbuka sufuria za Nyani. Akamgeukia Kiboko.

"Ni... nipe mji!"

"Nakupa chemchemi!" Kiboko akanguruma, sauti ifike mpaka nyuma. "Yote, na matete yake!"

Tembo, mwamuzi, hakuwa ameambiwa lolote kuhusu mipango ya mtu. Akainua mkonga wake. "Neno limetoka!"

Hakuna aliyebaki kupiga makofi. Walitimka, mitungi na kata mikononi, vumbi likawafunika. Kiboko akajizoa, akaketi.

"Hee! Wanakwenda wapi?"

"Kuteka maji," akajibu Kindi.

"Maji yangu? Si mchezo ule? Ulikuwa mchezo!"

Bi Kanga alikuwa ameshageuka akimbilie kibuyu chake. Akasimama.

"Bwana Kiboko," akasema, "na kiu ya wanangu nayo ilikuwa mchezo?"

Kiboko akafumbua lile domo lake kubwa, lisitoke hata neno moja.

Jioni ile Kidoa alikunywa, akalia, na mama yake hajapata kusikia kilio kitamu kama kile. Kindi akabisha hodi, kaja kuomba chumvi.

"Ungeniambia mapema, wewe mtu mbaya!" akafoka Bi Kanga.

"Ungejua, mama, usingemdonoa vile."

Bi Kanga akampa chumvi.

Na Kiboko? Mtazameni hata leo, huachama ghafla, mdomo wazi kabisa. Anatafuta jibu la kumpa Bi Kanga.

Basi wanangu, shida ya mwenzio usiifanye mchezo, maana mwenye shida hachezi.