Chura na Simu Mgongoni mwa Jongoo

Paukwa!

Pakawa!

Nimebeba kisa.

Kitue tukione.

Kizito hiki.

Tuko wengi, tutakipokea.

Haya, kipokeeni.

Hapo kale, kale ile ambayo babu wa babu yangu alisimuliwa na mtu ambaye naye hakuwapo, Jongoo alikuwa mnyama mkubwa. Urefu wake ulikuwa kama migomba kumi iliyolazwa chini. Miguu yake hakuna aliyewahi kumaliza kuihesabu. Wanyama wadogo walipotaka kwenda mbali, walipanda mgongoni mwake. Alfajiri aliondoka Matopeni, jua la utosi likamkuta Mkuyuni, na magharibi akafika Kilimani.

Simu zilikuwapo tayari. Msiniulize zilifikaje. Zilikuwapo.

Na mgongo wa Jongoo ulikuwa na sheria moja tu: hapa juu hakuna amlaye mwenzake. Mkishashuka, hayo ni yenu.

Basi siku hiyo alipanda Bi Kinyonga. Alikuwa anatoka kumzika dada yake, dada wa tumbo moja, aliyeacha watoto wanne wadogo. Alikuwa mweusi tii, maana Kinyonga akifiwa havai kaniki, hugeuka mwenyewe. Siku tatu alikuwa amelia, na siku tatu amesikia watu wakilia. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: akae kimya mpaka Kilimani.

Akachagua pingili ya katikati, akakaa. Jicho moja likatazama mbele, jicho moja likatazama nyuma, kama alivyoumbwa. Nyuma yake alikuwa amejikunja Moma, yule nyoka mnene mvivu, amelala. Mbele yake palikuwa patupu. Bi Kinyonga akasema moyoni, "Alhamdulillahi."

Hajamaliza kushukuru, Chura akapanda. Akakaa pale pale patupu. Akatoa simu, akawasha spika.

"Haloo! Haloo! Unanisikia? Mimi hapa! Niko juu ya Jongoo! Ndiyo, JONGOO! Naja harusini! Mke wangu katangulia tangu juzi! Tutakaa huko siku tatu! Siku TATU! Nyumbani hakuna mtu mzima hata mmoja!"

Panya akageuka. Konokono akaingia ndani ya gamba lake. Nyuma kule, Moma akafumbua jicho moja.

Bi Kinyonga akasema kwa upole, "Ndugu yangu Chura, nakuomba punguza sauti. Wenzio tumetoka msibani."

Chura akajibu, "Simu yangu, mdomo wangu, vocha yangu! Hutaki kusikia, ziba masikio!"

Kinyonga hana masikio ya kuziba. Lakini kusikia alisikia.

Jongoo akaenda, akaenda, akaenda. Simu ikalia tena.

"Haloo! Haloo! Unanisikia? Nani? Aa, shemeji! Watoto? Watoto nimewaacha! Viluwiluwi arobaini nitawabebaje? Wapo kwenye kisima kidogo cha mawe! Cha MAWE! Pale Matopeni, nyuma ya mgomba wa tatu! Wamenona, shemeji, usipime! Ukiwaona utasema maandazi!"

Nyuma kule, Moma akafumbua jicho la pili, akainua kichwa.

Bi Kinyonga akasema, "Ndugu yangu Chura, nakuomba mara ya pili. Mambo ya nyumbani kwako sisi hayatuhusu."

"Simu yangu, mdomo wangu, vocha yangu! Hutaki kusikia, ziba masikio!"

Panya akamwita Jongoo. "Bwana Jongoo, hebu sema naye."

Jongoo akajibu bila kugeuka, "Mimi nina miguu ya kuangalia. Nikiongea naikosea." Na kweli, kusema hayo tu alijikwaa mara mbili.

Jongoo akaenda, akaenda, akaenda. Simu ikalia mara ya tatu.

"Haloo! Haloo! Unanisikia? Aa, Kaa, mlinzi wangu! Umefika kwa mama yako? Kaa huko huko, upumzike! Hapana, kisima sikukifunika! Lile jiwe zito! Nani atakuja? Hakuna anayejua!"

Nyuma kule, Moma akakunjuka. Akasema, "Jongoo, shusha."

Jongoo akasimama. Panya akauliza, "Mzee Moma, si ulisema unakwenda Kilimani?"

"Nimekumbuka kitu Matopeni," akasema Moma.

"Kitu gani?"

"Chakula."

Akateremka taratibu, kipande baada ya kipande, akashika njia ya kurudi.

Sasa sikilizeni. Bi Kinyonga aliyaona yote. Jicho la nyuma lilimwona Moma akipotea majanini. Jicho la mbele lilimwona Chura akitafuta namba nyingine. Na Bi Kinyonga akanyamaza.

Naam, akanyamaza. Moyo wake ulimwambia, "Mara mbili umemwomba. Mara mbili amekutukana na msiba wako mgongoni. Mwache avune alichopanda." Jongoo akapiga hatua mia, Bi Kinyonga amenyamaza. Akapiga hatua mia nyingine, Bi Kinyonga amenyamaza.

Kisha akawakumbuka wale wanne aliowaacha wamekaa mlangoni kwa dada yake, wakiulizana mama atarudi saa ngapi. Akajiambia, "Lakini viluwiluwi hawana simu. Wao wamemkosea nani?"

Akasema, "Bwana Chura, sikiliza."

Chura akainua kidole. "Ngoja, napiga simu."

"Bwana Chura, ni watoto wako."

"Ngoja, inaita."

"Bwana Chura!"

"Ngoja, nimekwambia!"

Hapo Bi Kinyonga akafumbua kinywa, akatupa ulimi. Mnaujua ulimi wa Kinyonga; hauombi njia. Pwaa! Simu ikatoka mkononi mwa Chura, ikaingia kinywani mwa Bi Kinyonga. Mgongo mzima ukawa kimya, ila sauti ndogo ndani ya shavu lake ikisema, "Haloo? Haloo? Mbona giza?"

Akaitema. Akasema, "Moma alikuwa nyuma yangu. Amesikia kuwa nyumbani hakuna mtu. Amesikia kisima kilipo. Amesikia kwamba mlinzi hayupo na jiwe halikuwekwa. Ameshuka, anarudi Matopeni. Mpigie Kaa."

Chura akageuka rangi, yeye ambaye si Kinyonga. Akabonyeza, akaweka sikioni. Spika ilikuwa bado imewashwa, na abiria wote wakasikia sauti ya kike, tamu, isiyo na haraka: "Salio lako halitoshi kupiga simu hii."

Hakuna aliyecheka. Walitaka kucheka tangu asubuhi, lakini hapo hakuna aliyecheka.

Bi Kinyonga akatoa simu yake. Tangu msibani hakuwa ameigusa. Chaji imejaa, salio limo. Chura akamtajia namba, ikaita, Kaa akapokea. "Haloo, nani?"

Chura akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Koo lilipanda, likashuka, likapanda, lakini sauti haikutoka.

"Haloo? Sema kwa nguvu, sikusikii!"

Basi Bi Kinyonga, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupaza sauti, akaishika simu kwa mikono miwili akapiga ukelele ambao Jongoo aliusikia mpaka mguu wa mwisho. "Kaa! Moma anakwenda kisimani! Kimbia ukakifunike kwa jiwe! Kimbia!"

Kaa hakujibu. Walisikia tu maji yakiruka.

Wakangoja. Jongoo alisimama, hakuna aliyemwambia aende. Chura alikaa amejikunyata, mikono juu ya kichwa. Panya akamsogelea, akakaa karibu naye. Jua likapanda, likafika utosini.

Simu ikalia. Bi Kinyonga akapokea.

"Nimefika," akasema Kaa, anahema. "Jiwe nimelivuta. Moma kanikuta nimekaa juu yake. Tumepigana. Ameondoka na gando langu moja."

"Na watoto?"

"Watoto wapo wote. Wanauliza hiyo kelele ilikuwa ya nini."

Chura akalia. Akashuka hapo hapo, harusi akaiacha, akamwinamia Bi Kinyonga. Alitaka kusema jambo, na jambo likakataa kutoka. Bi Kinyonga akamwambia, "Nenda, ndugu yangu. Na huyo Kaa mtafutie dawa kabla hujamtafutia maneno."

Chura akarudi Matopeni kwa kurukaruka, hakupumzika hata mara moja. Alimuuguza Kaa mpaka gando likaota jipya. Na Bi Kinyonga? Akapata kimya chake. Akalala mpaka Kilimani. Walipofika, hakuna aliyethubutu kumwamsha, hata Konokono, aliyekuwa amelaliwa na mkia wa Bi Kinyonga njia nzima.

Tangu siku hiyo Chura aliwafundisha wanawe arobaini, nao wakawafundisha wana wao: piga kelele zako, maana ndivyo ulivyoumbwa, lakini ukisikia nyayo, nyamaza. Kama hamniamini, nendeni dimbwini jioni. Mtawasikia vyura wanavyobishana. Pigeni hatua moja tu kuwakaribia. Kimya! Kila mmoja anajiuliza ni nani anayesikiliza.

Nasi tujifunze: neno la nyumbani lina mlango wake. Ukilitoa njiani kwa sauti, usiulize nani kaliokota. Na wewe uliyeudhiwa, usimwadhibu mtoto kwa mdomo wa baba yake.

Kisa changu kimefika. Kikiwa kitamu, kaleni; kikiwa kichungu, nibakishieni, nitakitia sukari kesho.

Na yule ndugu wa pale nyuma anayeongea na simu tangu nianze: tumesikia sote. Maharage yameungua. Nenda nyumbani.