Kwa Nini Watoto wa Bi Kizimba Wana Mgongo Uliopinda

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole. Kabla maji ya dunia hayajapoa, vitu vidogo kabisa, visivyoonekana kwa jicho, vilikuwa na koo na majina, na vilisemezana. Ukoo wa Wembamba ulikutana na ukoo wa Wapana katikati ya maji ya moto, wakagongana, wakacheka, na wawili waliogongana vizuri waligeuka wakawa mmoja mpya. Hakuna aliyehitaji mshenga. Jamani, siku zile zilikuwa tamu! Wazee wa majini walizikumbuka mpaka machozi yakawatoka.

Kisha maji yakapoa. Mwembamba akipishana na Mpana walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akashika njia yake, na masika mazima yakapita bila wawili kuungana. Watoto wakakoma kuzaliwa.

Katika maji hayohayo kulikuwa na mawe manne na fito sita, vyote havina kwao. Fundi hakuwapo. Vilisukumana, vikashikana vibaya, vikaachiana, vikajaribu tena, mpaka siku moja kila jiwe likakaa kwenye pembe yake na kila ufito ukakaa kati ya mawe mawili. Palepale ikasimama nyumba, na nyumba ile ikafumbua macho. Huyo ndiye Bi Kizimba. Ndani mwake mlikuwa na nafasi ya watu wawili tu, tena wakitazamana.

Wa kwanza kupiga hodi walikuwa Mwasiti wa Wembamba na Shomari wa Wapana, waliokuwa wakikimbia mkondo tu, wala hawakuwa na habari ya mapenzi.

"Karibuni, ila msigombanie nafasi," akasema Bi Kizimba.

Kwa kubanwa vile, kila mmoja hakuwa na pa kutazama ila usoni kwa mwenzake. Kabla mwenyeji hajamaliza kuwajulia hali, wale wawili walikwisha kuwa mmoja, na hakuna moto uliowashwa. Bi Kizimba akamwita huyo mpya Tunu.

Tunu alizaliwa bapa. Mgongo wake ulilingana na ukuta wa nyumba kama chapati juu ya chapati, akabaki pale amenata. Bi Kizimba hakuwahi kuwa na mtu wake. Alimwimbia, akamsimulia habari za maji ya moto ambayo yeye mwenyewe hakuyaona, akampenda hadi akasahau kwamba yeye ni nyumba.

Huku nje foleni ikawa ndefu.

"Hodi, Bi Kizimba!" aliita Mzee Mwinyihija, mkubwa wa Wapana. "Tumekuletea wawili wengine."

"Pamejaa, baba."

"Pamejaa nini? Si tumesikia una mtoto mmoja tu?"

"Ndiye huyohuyo mmoja, amejaa nafasi ya wawili."

Walirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingi baadaye. Jibu lilikuwa lilelile. Waliochoka kungoja wakachukuliwa na mkondo, wawili wawili, mmoja huku na mwenzake kule. Mwishowe mzee akaja peke yake, sauti imemkauka.

"Leo sikuja kuomba nafasi, mama. Nimekuja kukuaga. Tuliobaki tunahesabika. Mkondo ukitutawanya tena, hatutawaona Wembamba maisha yetu yote, na habari yetu itakuwa imekwisha."

Akageuka aende zake. Ndani, Tunu alikuwa amesikia kila neno.

"Mama, niachie niende."

"Sijakushika, mwanangu. Ni mgongo wako uliolingana na ukuta wangu." Bi Kizimba akaupapasa mgongo ule. "Nami sikutaka kukubandua. Huo ndio ukweli."

Alilia, na kilio chake kikatikisa pembe zote nne. Halafu akasema, "Vumilia."

Akazivuta fito zake zote sita kwa mara moja, akamkumbatia Tunu kwa nguvu ambayo hajawahi kuitumia, mpaka mgongo wa mtoto ukapinda katikati. Tunu akapiga kelele. Bi Kizimba alipolegea, ukuta ulitafuta pa kumnasa usipaone. Maji yakaingia dirishani, kati ya fito na fito, yakamchukua.

Bi Kizimba akajipapasa. Mawe manne yapo. Fito sita zipo. Hakuna kilichopungua, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa aliona ni haki yake abaki japo na pengo.

"Mzee Mwinyihija!" akaita. "Rudi, baba! Walete wawili wengine!"

Na tangu siku hiyo, wanaoingia kwa Bi Kizimba huingia wawili, na mmoja anayetoka hutoka na mgongo uliopinda. Nyumba hubaki vilevile, tayari kwa wengine. Wataalamu wa kemia wanaotazama vizimba kama hivyo vikijiunga vyenyewe ndani ya chupa zao huufurahia sana ule mpindo, kwa sababu wanajua aliyepinda hanati ukutani, na mlango hautaziba. Wao huona mpindo tu. Kumbatio hawalioni. Kila mtoto hukumbatiwa mara moja, kwa nguvu zote, kisha huachiwa, na Bi Kizimba humsindikiza kwa macho mpaka apotee. Hakuna hata mmoja anayegeuka kumtazama, maana mgongo uliopinda vile haugeuki, na aliyeupinda ni Bi Kizimba mwenyewe.